Barua ya wazi kwa waheshimiwa wetu wa Mwanza: hizo nafuu za kodi za maghorofa nani anazilipia?

Waheshimiwa mliopewa dhamana ya kodi, ardhi na uwekezaji hapa Mwanza,

YAH: NAFUU ZA KODI KWA WANAOJENGA MAJENGO MAKUBWA MJINI

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na wengine wote nawasalimu kwa heshima, habari za majukumu.

Naandika hadharani baada ya njia ya kawaida kushindikana, naomba mnielewe hivyo, sijaamka tu asubuhi nikaamua kuwavunjia watu heshima. Mwaka jana kwenye mkutano wa mtaa kiongozi mmoja alisimama akatueleza kuhusu lile jengo linalopanda upande wa ziwani, akasema mwekezaji amepewa nafuu za kodi kwa miaka ya mwanzo ili asitukimbie, watu wakapiga makofi, hata mi nilipiga. Alafu nikanyoosha mkono nikauliza, samahani mheshimiwa, ni kodi zipi hizo, ni shilingi ngapi, na hiyo miaka ya mwanzo ni mingapi? Akasema mama hayo ni mambo ya mkataba, yako ngazi za juu, wewe jua tu maendeleo yanakuja. Tukahamia kwenye ajenda ya taka.

Lile jibu halikunitoka kichwani. Nikaandika barua, kurasa mbili kwa mkono, nikaipeleka ofisini mpaka masijala, dada wa pale akanigongea muhuri kwenye kopi yangu, na hiyo kopi ninayo mpaka leo nimeikunja ndani ya Biblia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kumjibu mwananchi. Nikasubiri siku 30, nikaongeza zingine 30, nikarudi. Nikaambiwa faili liko kwa bosi. Nikarudi tena nikaambiwa mambo ya kodi ya majengo hayako pale, niende ofisi nyingine, nikaenda, na kule wakaniambia mama mambo ya wawekezaji yako kulekule ulikotoka. Siku hiyo nilikuwa nimefunga meza yangu ya dagaa, na mtu wa mwaloni, pale soko la samaki la ziwani, akifunga meza siku nzima mnajua maana yake, mzigo umebaki na hela ya kesho haipo.

Basi ndo nimefika huku.

Mi ni mkazi wa Igogo, kule juu kwenye mawe, nauza dagaa mwaloni Kirumba mwaka wa 19 sasa. Nyumba ya wazazi ina vyumba vinne, marehemu baba aliijenga kidogokidogo, tofali zilikuwa zinapandishwa kichwani kwasababu gari halifiki. Ulipokuja urasimishaji wa makazi tukachangia hela ya upimaji mfukoni kwetu ili tutambulike. Sina chuki na maghorofa wala na wenye hela. Nataka Mwanza ikue, nataka wajukuu wangu wapate kazi hapahapa wasikimbilie Dar. Ninachopinga ni namna mzigo wa kodi unavyogawanywa, na usiri unaofunika huo mgawanyo. Nimeyapanga kwa namba ili msipate shida kunijibu moja moja.

1. Mama yangu na LUKU

Naanza na hili kwasababu ndo lililoniamsha. Kodi ya majengo zamani ilikuwa ya halmashauri, mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, yaani umeme tunaolipia kabla ya kutumia, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na Julai 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500. Sawa, nchi inahitaji kodi, na kukata kwenye umeme kumerahisisha, hatupangi tena foleni. Lakini njooni mkae na mama siku ya tarehe moja. Mama ana miaka 74, haoni vizuri, anaishi na wajukuu wawili na nyumba haipangishwi. Anamtuma mtoto dukani na noti ya elfu mbili akanunue umeme. Mtoto anarudi na kikaratasi, mi ndo namsomea. Kwenye elfu mbili inatoka 1,500 ya jengo, inabaki 500, na kwa uniti moja shilingi 122 pamoja na makato yake mama anapata uniti 4 na pointi kidogo, wakati elfu mbili nzima ingempa uniti 16. Taa mbili, redio na kuchaji simu, siku chache zimekwisha. Na mwezi asiponunua kabisa ile 1,500 haipotei, inamsubiri, mwezi unaofuata inakatwa ya miezi miwili kwa mpigo.

Sheria inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na kipato hatakiwi kulipa kodi ya nyumba anayoishi. Nimehangaika na hilo. Mita iko kwa jina la baba, baba ameshafariki, kwahiyo kwanza barua ya mtaa, alafu karatasi za mirathi, alafu kitambulisho, alafu picha, alafu rudi wiki ijayo mtandao uko chini. Miezi minane. Hela ya daladala na kopi niliyotumia imezidi kodi yenyewe ya mwaka mzima ambayo ni shilingi 18,000. Mama akaniambia mwanangu acha, tutalipa tu.

Sasa waheshimiwa, mjane ambaye sheria yenyewe imemsamehe anazungushwa miezi minane kutafuta msamaha wa elfu 18, na mwenye jengo la mabilioni nafuu yake inapatikana kwenye kikao ambacho sisi hatukukaa, hakupanga foleni kudai mita ibadilishwe jina. Hapa ndo roho inaniuma, na sitaki kuficha.

2. Hata kabla ya nafuu, hesabu imeshampendelea

Watu wengi hawajakaa chini na kalamu. Nyumba ya kawaida kwa mwaka ni 18,000. Ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu. Ukisikia hivyo unaona mwenye ghorofa analipa sana. Tuseme jengo lina sakafu 12, hiyo ni 1,080,000 kwa mwaka. Tuseme limegharimu bilioni 12. Tuseme na nyumba yetu ya Igogo ukiiuza leo upate milioni 15. Gawanya. Sisi kwenye kila laki moja ya thamani ya nyumba tunalipa shilingi 120. Yeye kwenye kila laki moja ya jengo lake analipa shilingi 9. Shilingi tisa! Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sifuri, nikampa na jirani yangu ambaye ni mwalimu wa hesabu, akapata hivyohivyo.

Na kama fremu moja pale chini anapangisha laki tano kwa mwezi, basi pango la fremu moja kwa miezi mitatu linalipa kodi ya mwaka mzima ya jengo lote na chenji inabaki. Zamani jengo lililofanyiwa uthamini lilikuwa linatozwa kwa asilimia ya thamani yake, mwenye kikubwa analipa kikubwa. Najua uthamini ulikuwa na matatizo, wathamini wachache, majengo mengi, na mianya ya kupeana bahasha ilikuwepo. Lakini tulichofanya ni kama mtu aliyeona mizani ya dagaa imeharibika akaamua kila gunia liuzwe bei moja, liwe limejaa au nusu. Pale mwaloni ukifanya hivyo siku moja tu watu wanapigana.

Kwahiyo mtu huyu tayari yuko kwenye shilingi 9. Sasa tukimwongezea na nafuu juu yake, tunampunguzia nini?

3. Usiri

Katiba yetu ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na ibara ya 18 inatupa haki ya kupata taarifa. Waziri akisamehe kodi ya mapato anatakiwa atangaze kwenye Gazeti la Serikali. Ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimeshagusa mara kadhaa misamaha iliyotumika tofauti na ilivyokusudiwa, na CAG aliweza kuisema kwasababu kulikuwa na karatasi ya kukagua. Hizi za kwetu mjini, punguzo la ada ya kibali, kupunguziwa pango la ardhi, kiwanja cha umma kinaingia kwenye ubia kwa bei ya kirafiki, ushuru wa huduma kuahirishwa, hizi mwananchi anazisoma wapi? Mi mpaka leo sijui lile jengo limesamehewa nini. Inawezekana ni kidogo sana, inawezekana mwekezaji ametoa kitu kizuri kikubwa na mi namlaumu bure, na kama ni hivyo nitakuwa wa kwanza kuomba radhi hapahapa hadharani. Lakini mmetunyima namna ya kujua.

Mama ntilie ushuru wake unajulikana. Machinga alipoambiwa achukue kitambulisho cha shilingi 20,000 kila mtu alijua ni elfu ishirini. Ushuru wangu wa gunia umeandikwa kwenye risiti. Kwanini cha mkubwa tu ndo kiwe siri?

4. Jengo linatumia mji uleule tunaoutumia sisi

Jengo kubwa linataka maji mengi, barabara pana, mtaro, majitaka, zimamoto yenye ngazi ndefu, polisi, taa za barabarani. Hivyo vyote vina gharama na gharama haisamehewi, mmoja akipunguziwa mwingine anaongezewa au huduma ya mahali fulani inakatwa. Na huku kwetu ndo panapokatwa. Ziwa tunaliona kutoka mlangoni, linang'aa kabisa, lakini kuna wiki maji hayapandi mpaka juu tunanunua ndoo kwa vijana wanaopandisha mabegani. Mvua ikinyesha ngazi za mawe zinageuka mto, mwaka juzi mama mjamzito wa mtaa wa pili alibebwa kwenye kiti na vijana wanne mpaka barabarani ili awahi Bugando, usiku, kwa tochi za simu. Gari la taka halipandi, lakini ada ya taka inapanda.

Sisemi hamjafanya kitu. Yale mabomba ya majitaka yaliyoletwa milimani Igogo na Mabatini yametusaidia sana, vyoo vilikuwa vinafunguliwa mvua ikinyesha na kila mtu anajua uchafu ulikuwa unaishia wapi, kwa hilo wabeja sana, asanteni. Ndo maana nasema inawezekana. Hela ikipatikana mnajua pa kuipeleka.

5. Ufukwe

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mvuvi akijenga kibanda cha nyavu anabomolewa. Mradi unaoomba nafuu ya kodi upimwe kwanza kwa futi na watu waone.

6. Nafuu isiyo na tarehe ya mwisho wala masharti

Kijana wangu yuko chuo, ndo alinisomea habari za huko New York. Kulikuwa na mpango unaitwa 421-a, ulianza 1971 wakati watu wanauhama ule mji na wenye hela wanaogopa kujenga. Kwa wakati ule ilikuwa na maana, mji umelala unatafuta mtu wa kuuamsha. Lakini mji ulipona, bei za nyumba zikapaa, na nafuu ikaendelea palepale mpaka ikafika nyumba moja kwenye jengo la One57, iliyouzwa zaidi ya dola milioni 100, nayo inafaidi punguzo lilelile. Kufikia miaka ya mwisho mji ulikuwa unasamehe zaidi ya dola bilioni 1.7 kila mwaka. Muda wake ukaisha Juni 2022, na 2024 wakaleta mpango mwingine wenye masharti ya nyumba za watu wa kipato cha chini na ya malipo ya mafundi. Mji wa Philadelphia nao ulikuwa unasamehe majengo mapya kwa miaka 10 tangu mwaka 2000, na kwa nyumba mpya za kuishi wameshaanza kuipunguza.

Nimeyataja haya kwasababu mara nyingi tunaambiwa hata Marekani wanatoa. Ni kweli wanatoa, na wao wenyewe wamegundua kwamba nafuu ukishaitoa ni ngumu kuirudisha, aliyeizoea anaiona ni haki yake. Na hata hivyo kule mwananchi anaweza kutafuta jengo lipi limesamehewa na kiasi gani. Sisi tumechukua ule upande wa kusamehe tu.

Sasa najua yatakayosemwa, maana nimeshayasikia nikiwa kwenye benchi za kusubiria.

Mtasema mwekezaji atakimbilia kwingine. Aende wapi waheshimiwa? Mkoa huu sensa ya 2022 imehesabu watu 3,699,872. Tuna ziwa, tuna bandari, tuna uwanja wa ndege, reli ya kisasa inakuja kutoka Isaka kilomita 341, na Juni 2025 limefunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700. Hivyo ndo vinavyomvuta mwekezaji, na vimejengwa kwa kodi, pamoja na ile 1,500 ya mama. Anayejenga hapa anakuja kuvuna kilichopandwa na wengine, sio vibaya, lakini na yeye ashike jembe.

Mtasema ajira. Ajira nazitaka kuliko nyie, nina wajukuu. Basi ziandikwe. Kijana wa jirani yangu alifanya kibarua pale kwenye zege, siku ana kazi siku hana, bila mkataba, alipoumia mguu akapewa hela ya panadol. Kama nafuu imetolewa kwasababu ya ajira, waseme ajira ngapi, za aina gani, za muda gani, na zisipopatikana nafuu inaondoka.

Mtasema sheria ya uwekezaji inaruhusu. Inaruhusu ndiyo. Ile sheria ya mwaka 2022, kabla haijabadilishwa na nyingine mwaka 2025, ilimtaka Mtanzania awe na mtaji usiopungua dola 50,000 na mgeni dola 500,000 ndo waingie kwenye vivutio, na hapo mjue tayari mtu wa Igogo hakuwemo. Lakini kuruhusiwa kutoa sio kulazimishwa kutoa, na wala sio kulazimishwa kuficha.

Mtasema ni siri ya kibiashara. Bei anayonunulia nondo ni siri yake. Faida yake ni siri yake. Kodi yetu ambayo hatukuipokea haiwezi kuwa siri yake, hiyo ni ya kwetu.

Na wengine watasema huyu mama ana wivu, au katumwa, kuna mtu wa siasa nyuma yake. Sina chama ninachokisemea humu. Aliyenituma ni yule mtoto anayerudi dukani na kikaratasi cha uniti nne.

Ninachoomba ni hiki, na nimejitahidi kisiwe kikubwa kuliko uwezo wenu.

Bandikeni orodha. Kila mradi wa jengo uliopewa nafuu yoyote hapa mjini, kodi gani au ada gani, shilingi ngapi, imeanza lini inaisha lini, na ametupa nini badala yake. Ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa kama mapato na matumizi yanavyobandikwa, kwa Kiswahili, kwa maandishi ambayo hata mama yangu akivaa miwani anasoma.

Nafuu mpya isitolewe mpaka imesomwa kwenye kikao cha wazi cha baraza la madiwani, wananchi tukiwa tumekaa nyuma tunasikiliza, na tupewe taarifa mapema, sio kikao kinatangazwa asubuhi kinafanyika asubuhi hiyohiyo. Na iwe na mwisho ulioandikwa. Asiyetimiza alichoahidi arudishe alichosamehewa.

Viwango vya kodi ya majengo najua hamvipangi nyie, sheria ya fedha inapita Bungeni kila Juni, lakini maoni yenu yanafika huko na ya kwangu hayafiki. Pelekeni hoja kwamba majengo makubwa ya biashara yarudi kwenye uthamini, yalipe kwa thamani. Nyumba za kawaida ziachwe na kiwango chao, maana kutuma mthamini kila nyumba ya mawe ya Igogo itagharimu kuliko kitakachopatikana, hilo hata mi naliona.

Alafu wazee. Wekeni meza moja kwenye kila ofisi ya mtaa, siku moja tu kila mwezi, afisa aje na kompyuta, mtendaji wa mtaa yupo hapohapo anawajua wazee wake kwa majina, mjumbe wa shina anathibitisha nani yu hai na nani anaishi wapi, mita inabadilishwa jina, msamaha unaingia, mzee anarudi nyumbani. Mambo ya mirathi kwa nyumba ya vyumba vinne yasigeuzwe ukuta. Wengi hawajui hata kama wana huo msamaha. Mtaani kwetu peke yake nimeulizia nyumba kumi na moja zenye wazee wanaojitegemea, aliyekuwa anajua ni mmoja, na huyo naye alikuwa karani wa zamani.

Kwenye lile jengo la ziwani naomba jibu la maandishi, yale maswali matatu niliyouliza mkutanoni. Kodi zipi, kiasi gani, mpaka lini. Natoa tena siku 30, kama sheria inavyosema, kuanzia leo. Nisipojibiwa nitapeleka ombi la rufaa kwa ngazi inayofuata na nitaandika tena hapa kusema nimefikia wapi.

Barua yangu ya kwanza mnayo, imegongwa muhuri, jina langu na namba yangu viko chini ya ukurasa wa pili. Jumatatu mpaka Jumamosi nipo mwaloni, natoka saa kumi jioni. Mkipiga nisipopokea ni kelele za makuli wakati wa kushusha mzigo, pigeni tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Igogo, muuza dagaa,
Mwanza